Mapafu Yaliyofundishwa Kunyamaza

Singano alikufa akiwa na afya njema. Ndivyo bangili yake ya kazini ilivyosema: joto la mwili la kawaida, mapigo ya moyo mazuri, hana homa, hana kikohozi. Saa nne asubuhi alikuwa amesimama kwenye mashine ya brashi, banda la pili la shamba la mkonge la Kwemazuri. Saa nne na dakika tano alikaa chini kama mtu aliyechoka kidogo, akaegemea robota la singa, nyuzi za mkonge zilizofungwa, na hakuinuka tena.

Dk. Sikudhani Shemhilu, daktari wa zahanati ya shamba, alimpasua kifua mchana uleule. Alipofungua mbavu aliweka kisu chini, akainama karibu, mpaka muuguzi wake akaingiwa na wasiwasi.

"Kuna nini, daktari?"

"Njoo uone mwenyewe, Mbwana."

Mapafu ya Singano yalikuwa meupe, yana manyoya, kama mkate uliosahaulika kabatini wakati wa masika. Kuvu ilikuwa imeota mpaka ikajaza kila kijumba cha hewa. Lakini si kuvu iliyomshtua Sikudhani. Kuvu alishaiona kwa wagonjwa wengine. Kilichomshtua ni kwamba pembeni yake hapakuwa na kitu.

"Usaha uko wapi?" Mbwana aliuliza.

"Haupo."

"Mtu anaota kuvu mapafuni bila usaha? Bila uvimbe? Hata homa hana?"

"Homa haiwashwi na kuvu, Mbwana. Homa tunaiwasha wenyewe."

Hilo alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa uuguzi kila mwaka. Usaha, homa, uvimbe na kikohozi ni kazi ya mwili unaopigana. Mwili haumjui adui kwa jina, unamjua kwa umbo. Ndani yake mna seli zinazozunguka kama wapelelezi. Zikikuta kitu kigeni hukimega kipande, zikakipeleka kwenye tezi na kukionyesha kwa seli za vita. Seli hizo ni mamilioni, na kila moja huzaliwa na umbo lake moja tu inaloweza kulitambua. Nyingi huishi na kufa bila kuliona. Ile ambayo umbo lake limeoana na kipande hujizalisha kwa maelfu, na vita huanza.

Ndani ya Singano vita haikuanza. Wapelelezi walikuwa wamepita mbele ya kuvu wakaiamkia kama jirani.

Na Sikudhani alijua ni nani aliyewafundisha adabu hiyo. Dawa ya Utulivu aliibuni yeye.

Miaka mitano nyuma shamba lilikuwa limeanza kulima mkonge mweupe, wenye singa imara kuliko chuma na vumbi jembamba kuliko moshi. Vumbi lenyewe halikuwa na sumu. Ila miili ya watu ililichukia, na katika kupigana nalo ikayararua mapafu yake yenyewe. Baba yake Sikudhani alikufa akikohoa. Kaka yake, Hoza, akaanza kukohoa damu. Ndipo alipotengeneza vitone vidogo vya mafuta vilivyobeba vipande vya vumbi, vikaenda kwa wapelelezi na ujumbe mmoja: huyu ni mgeni wetu, mwacheni. Mwili ukazaa seli za wasuluhishi, kazi yake kumtuliza kila askari atakayenyanyua silaha dhidi ya vumbi. Ndani ya mwezi mmoja mabanda yote yalinyamaza. Watu walimshika mkono njiani wakilia.

Sasa Sikudhani alifungua jokofu la kuhifadhia sampuli, akatoa chupa moja ya toleo lile la kwanza, akaiweka kwenye mashine ya kusoma protini. Maelekezo yake yalitaka vumbi lioshwe na kuchujwa kwa siku arobaini, lisibaki na chembe ya kiumbe chochote. Mashine ilisoma kwa dakika ishirini. Ndani ya chupa mlikuwa na vumbi, na pamoja na vumbi mlikuwa na kuvu.

Watu wa maabara walikuwa wamefagia sakafu, wakasaga, wakawachoma watu.

*

Siku mbili zilizofuata alipiga picha vifua vya wafanyakazi wote, mia nne na kumi na wawili. Walipita mbele ya mashine ya picha wakitaniana. Aliwaambia ni ukaguzi wa kawaida.

Wengi walikuwa na madoa mawili matatu. Thelathini na mmoja mapafu yao yalikuwa yamekwisha kuwa meupe zaidi ya nusu. Wa mwisho kati yao alivua shati akajipiga kifua.

"Vipi, mdogo wangu? Moyo bado umo?"

"Umo, kaka. Vaa shati."

Hoza alicheka. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mabega mapana, na tangu achomwe Utulivu alikuwa amerudi kucheza bao mpaka wapinzani wanamkimbia. Alitoka akipiga mluzi. Sikudhani alibaki akiitazama picha ya kifua cha ndugu yake wa tumbo moja, kisha akaichukua na kwenda nayo moja kwa moja kwa meneja.

Meneja wa Kwemazuri, Aikande, alikuwa rafiki yake tangu chuoni, walilala chumba kimoja miaka mitatu. Ndiyo maana aliingia bila hodi, akaitupa picha juu ya meza.

"Mlitumia vumbi la sakafuni."

Aikande hakukana. Alivua miwani, akajifikicha macho. "Watu walikuwa wanakohoa damu, Siku. Wewe mwenyewe ulinipigia simu asubuhi na jioni. Dawa lini, dawa lini, kaka yangu anakufa."

"Nilisema siku arobaini!"

"Tulitengeneza kwa siku kumi na moja. Na fomu ya toleo ililetwa kwako. Imeandikwa wazi, siku kumi na moja. Ukatia saini."

Sikudhani aliikumbuka fomu ile. Aliitilia saini amesimama mlangoni, mkoba begani, kwa sababu Hoza alikuwa hajalala siku tatu. Ukurasa wa pili hakuufunua.

"Kuna dawa ya kuigeuza?" Aikande aliuliza.

"Ipo. Niliitengeneza pamoja na Utulivu, kwa tahadhari. Nimeiita Amsho. Inawaua wasuluhishi, askari wanaamka."

"Basi tuna bahati."

"Hatuna bahati yoyote. Mwenye madoa mawili ataungua homa wiki moja, atapona. Hawa thelathini na mmoja, jeshi litaamka likute adui amejaa kila chumba cha nyumba, litaichoma nyumba. Theluthi moja watapona. Labda."

"Na wasipochomwa?"

"Miezi miwili, wote wamekwenda. Hawa wenye madoa, mwaka. Dawa za kawaida za kuua kuvu hazitasaidia, kuvu hii imekulia ndani ya zile tunazonyunyizia shambani, imezizoea."

Aikande alivaa tena miwani. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomchefua Sikudhani.

"Wachome wote kesho. Waambie ni chanjo ya mafua."

"Bila kuwaambia ukweli?"

"Fikiri kama daktari, usifikiri kama mhubiri. Mtu anajiona mzima, anabeba marobota, anacheka. Unamwambia, njoo nikuchome sindano, huenda keshokutwa ukafa. Nani atanyoosha mkono? Watakimbia. Hata wa doa moja watakimbia, na watafia makwao ambako huna cha kuwafanyia. Ukisema, unaua wengi zaidi. Ukinyamaza, unaokoa karibu wote."

Sikudhani alitafuta pa kuivunja hoja ile, asipaone. Hesabu ilikuwa sahihi. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba.

"Na wewe unaokoka humohumo."

"Ndiyo," Aikande alisema. "Na wewe pia."

*

Kesho yake alasiri Hoza alikuja zahanati akichechemea.

"Goti, mdogo wangu. Nichome ile ya maumivu, nina mchezo jioni."

Alikaa juu ya kitanda, akakunja mkono wa shati, akageuzia uso dirishani. Tangu utoto alikuwa haogopi nyoka wala radi, ila sindano hakuwahi kuitazama.

Kwenye sinia palikuwa na chupa mbili, ya maumivu na ya Amsho. Sikudhani alichukua bomba la sindano, akalitia ndani ya Amsho, akavuta. Hakuamua kufanya hivyo, mkono uliamua. Alimjua kaka yake. Akiambiwa atakataa, ukaidi wake ulikuwa wa mawe. Asipoambiwa atakuwa na nafasi moja kati ya tatu. Nafasi moja kati ya tatu si haba, mtu akiwa hana nyingine. Alimpangusa mkono kwa pamba. Hoza alikuwa akisimulia jinsi alivyomla mtu kete zote za mbele, ameulegeza mkono kabisa, kama mtoto anayebebwa.

Sindano ilikuwa imebaki upana wa kidole kufika kwenye ngozi Sikudhani alipojiona. Alijiona yu katika ofisi ya Aikande, upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha meneja. Alipiga ukelele, akalitupa bomba ukutani.

"Kulikoni wewe!" Hoza aliruka.

Akamwambia. Alimwambia yote, mfululizo, bila kuyapaka asali: kuvu, vumbi la sakafuni, wasuluhishi, Amsho, theluthi moja. Hoza alisikiliza akiwa amekishika kifua kwa viganja viwili, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Ulijua lini?"

"Singano alipokufa. Siku nne."

"Siku nne. Nimekula kwako mara mbili katika hizo siku nne. Ukaninawisha mikono, ukanitilia mchuzi." Alimeza mate. "Na aliyeipitisha dawa ni nani?"

"Mimi. Nilitia saini. Sikusoma ukurasa wa pili."

Hoza alisimama. Alijaribu kufunga vifungo vya shati, vikaenda upande, akaviacha.

"Nimevuta vumbi miaka kumi na tisa," alisema taratibu, "ili wewe ukasome yaliyomo ndani ya watu. Ukasoma. Sikujuta hata siku moja. Halafu karatasi moja, Sikudhani. Karatasi moja ikakushinda kusoma?"

"Kaka, nisikilize..."

"Sina mdogo leo. Na bomba lile ulilotupa lilikuwa na dawa gani?"

Macho ya Sikudhani yalikwenda kwenye chupa ya Amsho. Hoza alilitazama bomba pale sakafuni, akamtazama yeye, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Sikudhani hakuwahi kuiona tangu wazaliwe.

"Kumbe mara mbili," alisema. "Ulitaka kuniingilia mara mbili. Sasa sikia, daktari. Kesho watu wakikusanyika kwa zamu waambie. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi, na mimi sitakuwa na maneno ya kitaalamu."

*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwanja wa zamu ulikuwa umejaa. Aikande alikuwa ameagiza vipaza sauti vikatwe umeme, basi Sikudhani alipanda juu ya tela la trekta akasema kwa koo lake. Mara ya kwanza wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Alipoinua picha ya mapafu ya Singano kicheko kikakatika.

Aliyesogea mbele alikuwa Bi. Mwantumu, msimamizi wa mashine za brashi, mwanamke mfupi ambaye hata mameneja walimwogopa.

"Mimi nina madoa mangapi?"

"Matatu, Bi. Mwantumu. Homa ya wiki moja, utapona."

"Na Mzee Kihiyo wangu?"

Sikudhani alishuka kwenye tela. Hakutaka kulisema jibu lile kutoka juu. "Mumeo yumo katika wale thelathini na mmoja."

Kofi lilitua kabla hajamaliza. Likafuata la pili. Hakuna aliyemzuia, na Sikudhani hakukinga uso. Mbwana muuguzi alipotaka kuingilia kati, alimzuia kwa mkono.

"Mlituzima kama taa!" Bi. Mwantumu alikuwa akihema. "Mwili wangu ulikuwa na mdomo wake. Ulikuwa unapiga kelele, unasema hapa pabaya, toka. Badala ya kuondoa vumbi mkauziba mdomo! Mapazia ya kunyonya vumbi tuliyaomba mara ngapi? Mara ngapi?"

"Kila mwaka," watu waliitikia.

"Sasa mwite kila mtu chumbani umwambie lake. Asichomwe mtu hapa kabla hajasema ndiyo kwa kinywa chake. Na mashine zizimwe. Leo haichanwi singa hata moja Kwemazuri."

Mashine zilizimwa. Wanaume sita walikwenda kukaa mlangoni mwa ofisi ya Aikande, wakamwambia hatatoka na karatasi wala kompyuta mpaka wakaguzi wa serikali wafike. Naye alikaa ndani akitazama dirishani, na kufikia adhuhuri aliona alichokitabiri: watu walikuwa wanaondoka. Walifunga virago, wakashika njia ya Handeni, ya Lushoto, ya Kilindi. Hamsini na saba waliondoka siku ile. Kihiyo alikuwa mmoja wao. Alisema kama ni kufa, atakwenda kufa kwa mama yake, hatakufa kwa mkono wa mtu aliyemuua.

Waliobaki walipanga foleni. Zahanati iliungua homa. Vitanda vilijaa, watu wakalazwa kwenye mikeka katika banda la kwanza, na kikohozi kilichokuwa kimezimwa miaka mitatu kilirudi kwa vishindo. Mbwana na wauguzi walioletwa kutoka wilayani walikimbia na maji na mitungi ya oksijeni. Siku ya nne wale wa mapafu meupe walianza kufa. Sikudhani aliwafumba macho mmoja mmoja na kuandika majina kwa mkono wake. Mke wa marehemu mmoja alimtemea mate. Mwingine alimshukuru, na hilo likauma zaidi.

Hoza hakuja. Alikaa barazani kwake, ubao wa bao mbele yake, bila mtu wa kucheza naye. Sikudhani alipita mara tatu. Mara zote alimwamkia, mara zote hakuitikiwa.

Siku ya sita alimkuta amesimama mlangoni mwa zahanati, midomo imegeuka rangi.

"Nimepanda ngazi mbili nikakaa chini," alisema. "Nichome."

"Mbwana yupo, kaka. Kama hutaki mkono wangu..."

"Nataka mkono wako. Safari hii nitaitazama inavyoingia."

Akaitazama. Jasho lilimtoka kipajini, taya limekaza, lakini hakugeuza uso mpaka bomba likaisha.

Homa ilimkamata usiku na haikumwachia siku tisa. Alikohoa mpaka mbavu mbili zikavunjika. Alipopata pumzi aliitumia kutukana. Alimtukana Aikande, akaitukana kampuni na mkonge wake mweupe, akamtukana Sikudhani kwa matusi ya Kisambaa ambayo hakuyasikia tangu wakiwa watoto machungani. Sikudhani alikaa pembeni akimgeuza, akimpigapiga mgongoni kohozi litoke, akisikiliza. Siku ya saba Hoza alinyamaza, na ukimya ule ulimtisha Sikudhani kuliko chochote. Alimpiga makofi ya mashavu, akamwita kwa jina la baba yao, akamtukana na yeye. Siku ya nane kohozi likatoka jeusi, limekufa. Siku ya tisa aliomba uji.

*

Baraza la uchunguzi liliketi Korogwe miezi mitano baadaye, katika ukumbi wenye feni moja. Hesabu ilikuwa imekwisha kujulikana. Katika waliochomwa Amsho, kumi na wanne walikufa. Katika waliokimbia, ishirini. Kihiyo alikuwamo.

Wakili wa kampuni alimsimamisha Sikudhani akamwuliza swali moja. Je, meneja hakumwonya kwamba akisema ukweli watu watakimbia na kufa?

"Alinionya."

"Na ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Kwa hiyo kama ungenyamaza, baadhi yao leo wangekuwa hai."

"Baadhi yao wangekuwa hai," Sikudhani alisema. Sauti ilimtoka nzito, ya hasira, na hakuilainisha. "Nawajua kwa majina. Nikutajie? Wale wenye madoa mawili matatu ningewaponya wote kwa uongo. Nimelifikiri hilo kila siku. Lakini walikimbia kwa sababu tulikwisha kuwadanganya mara moja, na mlipotaka niwatibu mlinipa uongo mwingine. Hawakuikimbia dawa. Walitukimbia sisi."

Ukumbi ulivuma. Mwenyekiti aligonga meza, akamwita shahidi aliyefuata.

Hoza alitembea polepole, akipumzika kila hatua nne. Lilikuwa limembakia pafu moja na kipande. Aliapa, akakaa. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimwomba awataje kwa majina watu ambao kwa ufahamu wake walisababisha madhara yale, karani ayaandike.

Hoza aliitaja kampuni. Alimtaja Aikande, na wale wawili wa maabara waliofagia sakafu na kusaga. Karani aliandika. Kisha Hoza akavuta pumzi, ikachukua muda.

"Hao tu?" mwenyekiti aliuliza.

Hoza alimtafuta dada yake kwa macho kati ya watu. Alikuwa safu ya tatu, karibu na Bi. Mwantumu. Asubuhi ile ni Sikudhani aliyempikia chai, akamfunga viatu kwa kuwa kuinama kulimkata pumzi, na njia nzima Hoza aliegemea bega lake. Walitazamana. Sikudhani hakutikisa kichwa, wala hakuinamisha macho.

"Na Daktari Sikudhani Shemhilu," Hoza alisema. "Mdogo wangu. Mwandike na yeye."

Karani alisita, kalamu hewani, akamtazama mwenyekiti.

"Andika," Sikudhani alisema kutoka safu ya tatu.

Karani akaandika.